Nimshtaki wapi? Miaka 25 ya waathirika wa Chad kutafuta mahakama

(Muziki wa kufungua kipindi, sekunde 15, kisha unashuka)

Kama uko kwenye foleni ya bomba ukisubiri zamu yako, kama uko mbele ya hema unachambua maharage, kama umekaa na wazee chini ya mti mmezunguka redio moja, karibu. Leo ni siku ya historia. Kipindi cha leo kimetokana na barua.

Wiki mbili zilizopita, ndani ya kisanduku chetu cha maoni tulikuta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Mama aliyeandika hakuweka jina, ameweka kijiji tu, na mimi kijiji sitakitaja. Anasema: "Mwaka 1998 kundi la watu wenye silaha lilikuja kwetu, likachoma nyumba, likaua mume wangu na wakwe zangu. Aliyekuwa mkubwa wao namjua kwa sura na kwa jina. Nasikia sasa anaishi nchi nyingine, ana biashara, anasali kama watu wengine. Ninyi wa redio mnasema kila siku haki, haki. Basi niambieni, nimshtaki wapi? Na mimi mkimbizi, mahakama gani itanipokea?"

Nilisoma barua ile mara tatu. Mimi siyo mwanasheria. Nimemaliza sekondari hapahapa kambini, na ninachokijua ni kile nilichosoma na kile nilichowauliza wanaojua. Lakini nilitambua kwamba ndani ya swali la mama huyu yamo maswali mawili, na tukiyachanganya hatutapata jibu. La kwanza: ni mahakama ipi yenye mamlaka ya kuhukumu jambo hili? La pili: nani anaruhusiwa kuiamsha mahakama hiyo? Kuna mahakama yenye mamlaka kamili lakini hakuna wa kuiamsha. Na kuna watu wamegonga mlango miaka na miaka, wakaambiwa: "Pole, hapa siyo penyewe."

Nitawasimulia habari ya watu waliogonga hivyo kwa miaka mingi. Hawakuwa Wakongomani wala Warundi, walikuwa watu wa Chad. Nimewachagua kwa sababu karibu kila ukuta ambao mama wa barua anaweza kukutana nao, wao waligonga vichwa hapo kabla yake.

(Muziki mfupi)

Chad iko katikati ya Afrika, kaskazini ya Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tarehe 7 Juni 1982 mtu mmoja anaitwa Hissène Habré aliingia mji mkuu, N'Djamena, na jeshi lake, akashika nchi. Alitawala miaka minane. Alikuwa na polisi wa siri waliojulikana kwa herufi tatu, DDS, waliokuwa wanatoa ripoti kwake yeye mwenyewe. Moja ya magereza yao ilikuwa bwawa la kuogelea la zamani, la wakati wa Wafaransa. Walilifunika kwa zege, wakaligawa vyumba chini ya ardhi, wakajaza watu. Wenyeji waliita tu "La Piscine", yaani bwawa. Joto la Chad mnalisikia kwenye habari. Fikirieni watu waliobanana ndani ya shimo la zege.

Tarehe 1 Desemba 1990 Habré alipinduliwa. Alikimbia, akapita Kamerun, akafika Senegal, kule Afrika Magharibi pembeni ya bahari. Akapokelewa vizuri. Akajenga maisha Dakar. Huko Chad tume ya uchunguzi ilitoa ripoti mwaka 1992, ikakadiria kwamba watu 40,000 waliuawa wakati wa utawala wake.

Sasa msikilizaji, shika jina hili: Souleymane Guengueng. Alikuwa mhasibu, mtu wa kanisa. Alikamatwa mwaka 1988, akakaa gerezani zaidi ya miaka miwili, akaona wenzake wanakufa mmoja mmoja pembeni yake. Aliapa kwamba Mungu akimtoa hai, atapigania haki ya wale waliokufa. Habré alipokimbia, milango ya magereza ilifunguliwa, Guengueng akatoka.

Alifanya nini? Hakununua bunduki. Alichukua karatasi. Yeye na wenzake waliopona waliunda chama cha waathirika, wakaanza kuwauliza watu: ulikamatwa lini, na nani, uliwekwa wapi, ulifanywa nini, nani alikufa mbele yako. Waliandika habari za watu 792. Lakini watu waliokuwa katika polisi wa siri bado walikuwa na vyeo serikalini, wengine wakaanza kutisha. Basi Guengueng alificha zile karatasi. Zilikaa zimefichwa miaka, na hakuna mahakama hata moja iliyoziomba.

Hapa nataka tusimame kidogo. Kwa nini kesi haikufunguliwa Chad kwenyewe? Kanuni ya kwanza ya mamlaka, ile ya kale kuliko zote, inasema kosa linahukumiwa pale lilipotendwa. Ukiibiwa mbuzi hapa kambini leo, hata kama mwizi ni Mrundi na wewe ni Mkongomani, jambo hilo ni la polisi na mahakama za Tanzania, kwa sababu limetendwa kwenye udongo wa Tanzania. Kwa hiyo Chad ndiyo ilikuwa mahakama ya kwanza. Tatizo ni kwamba mshtakiwa alikuwa Dakar, na Chad yenyewe ilikuwa imejaa watu wake wa zamani. Mahakama inaweza kuwa na mamlaka kwenye kitabu na bado isiwe na miguu ya kumfikia mtu.

Mlango ulifunguka kwa mbali sana. Mwezi Oktoba 1998 polisi wa London walimkamata Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa Chile, kwa ombi la jaji wa Uhispania. Dunia nzima ilishangaa: kumbe mtawala wa zamani anaweza kukamatwa nje ya nchi yake kwa mateso aliyofanya nyumbani! Watu wa Chad wakauliza: kama Pinochet, kwa nini siyo wetu? Mwaka 1999 watafiti wa haki za binadamu walifika N'Djamena. Guengueng akatoa karatasi zake.

(Muziki mfupi)

Mwezi Januari 2000, waathirika saba, Guengueng akiwa mmoja wao, pamoja na chama chao, walisafiri mpaka Dakar. Hawakwenda polisi, hawakwenda kwa waziri. Walikwenda kwa jaji mpelelezi.

Hili ndilo swali la pili la barua, la nani anaamsha mahakama, na nchi hazifanani. Hapa Tanzania sheria imetokana na Waingereza: mwananchi anapeleka taarifa polisi, polisi wanapeleleza, na usimamizi wa mashtaka uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Yeye anaweza kuendelea na kesi, anaweza kuifuta. Nchi zilizorithi sheria ya Kifaransa, kama Senegal, zinampa mwathirika nafasi nyingine. Anaweza kwenda moja kwa moja kwa jaji mpelelezi, akaweka malalamiko na kujitangaza kuwa upande wa madai ndani ya kesi ya jinai. Akifanya hivyo, jaji hawezi tu kukunja karatasi na kuitupa, lazima atazame. Kwetu Kongo pia, ambako sheria ilitoka kwa Wabelgiji, mwathirika anaweza kupeleka malalamiko parke na kuingia kwenye kesi ya jinai kama upande wa madai, kudai fidia mbele ya jaji yuleyule.

Jaji wa Dakar aliwasikiliza. Tarehe 3 Februari 2000 alimfungulia Habré mashtaka ya kushiriki katika mateso, akamweka kizuizini nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza mtawala wa zamani wa nchi ya Afrika kushtakiwa na mahakama ya nchi nyingine ya Afrika. Waathirika walirudi Chad wakiimba.

Furaha ilidumu miezi mitano. Serikali mpya iliingia Senegal, yule jaji akahamishwa. Mwezi Julai 2000 mahakama ya juu yake ikafuta mashtaka, na tarehe 20 Machi 2001 mahakama ya mwisho ya Senegal ikathibitisha. Sababu yao? Senegal ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa dhidi ya mateso tangu 1986. Mkataba huo unasema nchi ikimkuta mtesaji kwenye ardhi yake, imhukumu au imkabidhi kwa anayeweza kumhukumu. Lakini majaji walisema: bunge letu halijabadilisha kanuni zetu za mashtaka ili kutupa mamlaka juu ya mateso yaliyofanywa na mgeni, nje ya Senegal, kwa watu wasio Wasenegali. Saini ipo kwenye mkataba, lakini ufunguo hakuna aliyetupa.

Mimi niliposoma hapo nilikasirika, nisiwadanganye. Kisha mwalimu mmoja wa zamani hapa kambini akanituliza. Aliniambia: "Mwanangu, jaji anayejipa mwenyewe mamlaka asiyopewa na sheria, leo atamhukumu Habré, kesho atakuhukumu wewe." Nikaona ana neno. Lakini bado nasema kosa lilikuwa la wabunge walioacha mkataba ulale miaka 15.

(Muziki mfupi)

Waathirika hawakulala. Tangu Novemba 2000 walikuwa wameshagonga mlango mwingine, Ubelgiji. Na hapa, ndugu zangu wa Kongo, hadithi inapita nyumbani kwetu.

Ubelgiji ilikuwa na sheria ya mwaka 1993 iliyowaruhusu majaji wake kuhukumu uhalifu wa kivita wa mtu yeyote, uliotendwa popote. Mwaka 1999 iliongezewa mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Wanaita mamlaka ya namna hii mamlaka ya ulimwengu mzima: kosa ni zito kiasi kwamba mwanadamu yeyote ni jirani wa aliyeumizwa. Tarehe 11 Aprili 2000 jaji wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia Ndombasi, waziri wa mambo ya nje wa Kongo wakati ule. Alishutumiwa kwa hotuba za mwezi Agosti 1998 za kuchochea chuki dhidi ya Watutsi. Waliolalamika walikuwa watu 12, wote wakaaji wa Ubelgiji.

Serikali ya Kongo ikaishtaki Ubelgiji mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Uholanzi. Mahakama hii msiichanganye na ile ya akina Lubanga. Zote ziko mji mmoja, lakini hii inaamua ugomvi kati ya nchi na nchi, na haifungi mtu. Tarehe 14 Februari 2002 iliamua kwamba Ubelgiji ilikosea. Waziri wa mambo ya nje aliye kazini ana kinga mbele ya mahakama za nchi nyingine, hati ifutwe. Majaji hawakusema kwamba mtu huyo hana kosa, hilo hawakuulizwa. Na waliongeza kwamba kinga siyo msamaha: mtu kama huyo anaweza kuhukumiwa nchini kwake, au nchi yake ikimvua kinga, au mbele ya mahakama ya kimataifa yenye mamlaka juu yake. Akiacha cheo pia anaweza kushtakiwa nje kwa matendo ya kabla au baada ya cheo, na kwa yale aliyofanya akiwa kazini kama mtu binafsi.

Watu wa Chad walisikia hukumu ile, wakashtuka, maana Habré alikuwa rais. Lakini mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali ya Chad iliandika kwa jaji wa Ubelgiji kwamba Habré hana kinga yoyote ya kudai. Mlango mmoja ukabaki wazi.

Halafu mwaka 2003 ukaja upepo mwingine. Watu wengi walikuwa wamekwenda Brussels kuwashtaki wakubwa wa dunia, na mataifa makubwa yakakasirika. Mwezi Agosti 2003 bunge la Ubelgiji liliifuta ile sheria pana. Kesi nyingi zilikufa siku hiyo. Ya Chad haikufa. Kwa nini? Kati ya waathirika 21 waliokuwa wamelalamika Ubelgiji, watatu walikuwa watu wa asili ya Chad waliokwishapata uraia wa Ubelgiji, na jaji alikuwa ameshaanza upelelezi. Alikuwa amefika Chad mwaka 2002, ameingia mpaka kwenye magereza. Sheria mpya iliacha kesi za namna hiyo ziendelee.

Fikiria hilo, msikilizaji. Watu watatu waliokimbia nchi yao kama sisi, wakapata karatasi ugenini, na karatasi hizo zikabeba kesi ya maelfu waliobaki nyumbani.

Kitu kingine kilichosaidia ni bahati, ingawa wengine wataiita mkono wa Mungu. Mwezi Mei 2001 wapelelezi wa haki za binadamu waliingia kwenye jengo lililoachwa la polisi wa siri huko N'Djamena. Walikuta karatasi zimetapakaa sakafuni, maelfu na maelfu: orodha za wafungwa, ripoti za mahojiano, vyeti vya vifo. Ndani yake yalipatikana majina ya watu 1,208 waliouawa au waliofia kizuizini. Mauaji yaliandikwa na wauaji wenyewe, kwa mashine ya chapa.

(Muziki mfupi)

Mwezi Septemba 2005 jaji wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Habré, Ubelgiji ikaiomba Senegal imkabidhi. Mahakama ya Dakar ikajibu kwamba haina mamlaka ya kuamua juu ya mtu aliyekuwa mkuu wa nchi. Jambo likapelekwa Umoja wa Afrika. Mwezi Julai 2006 viongozi wa Afrika walisema Habré asipelekwe Ulaya, Senegal imhukumu kwa niaba ya Afrika. Maneno mazuri sana. Senegal ilibadilisha sheria zake mwaka 2007 ili kujipa yale mamlaka iliyosema haina. Kisha ikasema haina fedha. Miaka ikapita katika kubishana bei. Waathirika walikuwa wanazikana.

Mwezi Novemba 2010 mahakama ya jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi ilileta ukuta mpya. Habré alikuwa amelalamika kwamba Senegal inamhukumu kwa sheria iliyotungwa baada ya matendo. Mahakama hiyo ikasema Senegal isimhukumu katika mahakama zake za kawaida, itumie mahakama maalum yenye sura ya kimataifa. Mtu anaweza kuona hizi ni mbinu tupu. Lakini kanuni yenyewe, ya kutomhukumu mtu kwa sheria ya jana juu ya tendo la juzi, inatulinda sote. Jibu ni kwamba mateso na mauaji ya halaiki yalikuwa uhalifu katika sheria ya mataifa hata mwaka 1982, ndiyo maana mahakama ya aina ile iliwezekana.

Tarehe 20 Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ileile ya kesi ya Yerodia, iliiambia Senegal: mhukumu bila kuchelewa zaidi, au mkabidhi. Mwezi uliofuata Senegal na Umoja wa Afrika walisaini mkataba wa kuunda vyumba maalum ndani ya mahakama za Dakar. Tazameni jinsi walivyopima mamlaka yake: makosa yaliyotendwa Chad, kuanzia 7 Juni 1982 mpaka 1 Desemba 1990. Siku moja kabla au siku moja baada, haimo. Kila mahakama ya jinai ina uzio wa namna hii, wa mahali, wa wakati, wa watu na wa aina ya kosa, na kesi inaanza kwa kuonyesha kwamba jambo lako limo ndani ya uzio.

Habré alikamatwa mwezi Juni 2013. Kesi ilifunguliwa 20 Julai 2015, mbele ya jaji kiongozi kutoka Burkina Faso na wenzake wawili wa Senegal. Habré alikataa kuitambua mahakama. Aliingizwa kwa kubebwa, akakaa kimya na kilemba cheupe na miwani nyeusi. Waathirika zaidi ya 4,000 waliingia kama upande wa madai. Guengueng alikuja akitokea Marekani, alikokuwa amekwenda kuishi baada ya vitisho, akasimama mbele ya yule aliyekuwa rais wake, akasema yale aliyoapa kuyasema.

Tarehe 30 Mei 2016 Habré alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita na mateso. Tangu kukimbia kwake ilikuwa imepita miaka 25 na miezi sita.

Kuna jambo moja la hukumu hiyo ambalo kina mama wanaotusikiliza ninawaomba wasikilize vizuri. Mwanamke mmoja alisimama kizimbani akasema Habré mwenyewe alimbaka. Mahakama ilimwamini, ikamtia Habré hatiani kwa hilo pia. Lakini mwezi Aprili 2017 mahakama ya rufaa, huku ikithibitisha kifungo cha maisha, iliondoa hatia hiyo moja. Haikusema mama yule ni mwongo. Ilisema tukio hilo halikuwemo katika hati iliyompeleka mshtakiwa mahakamani, lilitajwa baadaye, na mtu hawezi kutiwa hatiani kwa jambo asiloshtakiwa nalo tangu mwanzo. Wanawake wengi wa Chad walikuwa wamenyamaza miaka mingi kuhusu yaliyowapata, na kila mtu hapa anajua kwa nini. Aibu, waume, majirani, maneno ya bombani. Simlaumu hata mmoja. Nasema tu jinsi ilivyokuwa: kilichosemwa mapema kiliingia kwenye mashtaka, kilichosemwa mwishoni hakikuweza.

Mahakama ya rufaa iliamuru pia fidia ya zaidi ya faranga za CFA bilioni 82 kwa waathirika 7,396. Habré alifariki Dakar tarehe 24 Agosti 2021, akiwa bado mfungwa, na fidia ilikuwa haijawafikia.

(Muziki mfupi)

Sasa narudi kwako, mama wa barua.

Wengi kambini hudhani jibu ni moja tu: ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Ni kweli Kongo iliridhia mkataba wake mwezi Aprili 2002, na mwaka 2004 serikali ya Kongo yenyewe iliipelekea ICC hali ya nchi. Hiyo ni njia moja ya kuiamsha mahakama ile. Njia ya pili ni Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ya tatu ni mwendesha mashtaka kuanza mwenyewe, lakini kwa ruhusa ya majaji. Ilivyokuwa kwa Burundi ndiyo hivyo: majaji walimruhusu tarehe 25 Oktoba 2017, siku mbili tu kabla ya Burundi kutoka rasmi kwenye mkataba, na yaliyotendwa ikiwa bado mwanachama yalibaki ndani ya uzio. Mwathirika hayumo katika wale watatu. Anaweza kutuma habari, na habari husomwa, lakini hafungui kesi.

Na kwako wewe kuna ukuta mkubwa zaidi. ICC ina mamlaka juu ya yaliyotendwa kuanzia 1 Julai 2002. Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012 kwa kutumia watoto askari, Bosco Ntaganda mwaka 2019, wote kwa mambo ya Ituri ya baada ya tarehe hiyo. Kijiji chako kilichomwa 1998. Kwa ICC, mlango huo haupo, na mtu akikuambia upo akuombe hela ya fomu, huyo ni mwizi.

Iliyobaki ni Kongo, mahali kosa lilipotendwa. Kwa muda mrefu uhalifu mkubwa wa namna hii ulikuwa wa mahakama za kijeshi peke yake. Mahakama hizo zimewahi kutoka mjini na kwenda kwa wananchi: mwezi Februari 2011, Baraka, eneo la Fizi, mahakama ya kijeshi ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa yaliyofanywa na askari wake siku ya mwaka mpya, wiki saba tu kabla. Tangu sheria ya Aprili 2013, mahakama za rufaa za kiraia nazo zimepewa mamlaka juu ya uhalifu huu. Nje ya Kongo, inategemea nchi anakoishi huyo mtu. Nchi kadhaa zina sheria ya kumhukumu mgeni aliye kwenye ardhi yao, nyingine hazina, kama Senegal ya mwaka 2001. Pia ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003 nchini Kongo. Ripoti siyo mahakama, haimfungi mtu. Lakini huenda kijiji chako kimo humo, na mwanasheria anaweza kuanzia hapo.

Jina ulilotuandikia hatulisomi redioni, na hatutalisoma. Mtu huyo hajahukumiwa na mahakama yoyote, na wewe una watoto wanaokwenda shule asubuhi. Usilitaje bombani pia. Barua yako nimeifungia. Ukitaka, njoo ofisi ya msaada wa kisheria siku yoyote ya kazi, mwambie wa mlangoni umekuja kwa jambo la faragha, bila kueleza zaidi. Ukifika ndani, omba kuandikiwa: siku, saa kama unaikumbuka, nani alikuwepo, nani bado yuko hai na yuko wapi. Wewe hujui kusoma vizuri, umesema, barua hii umeandikiwa na binti yako. Basi njoo naye.

Mama yangu mzazi, baada ya kunisikia nikifanya mazoezi ya kipindi hiki jana usiku, alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba daftari. Nilimpa lile nililobakiza la kidato cha nne, lina kurasa 30 hivi ambazo hazijaandikwa.

(Muziki wa kufunga kipindi)